Nyumba za Uwanja wa Mnada

Katika mji ule mdogo, ukisema "Mkunga" hakuna aliyekuuliza mkunga gani. Alikuwa mmoja tu. Nusu ya watoto wa shule ya msingi walikuwa wamepita mikononi mwake. Wengine wakimkuta njiani walijificha nyuma ya mama zao, kana kwamba wanakumbuka.

Aliishi na familia yake katika vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya duka la nafaka. Chumba kimoja kilikuwa chake na mume wake, fundi viatu. Katika cha pili alilala mama mkwe wake pamoja na Kasuku, binti yao wa miaka minane, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya maneno mengi. Humo humo kulikuwa na masufuria, ndoo za maji, na gunia la ngozi za viatu. Kila asubuhi Kasuku alikunja godoro, akaliegemeza ukutani, ndipo bibi akapata mahali pa kuweka kigoda chake.

"Chumba hiki," bibi alikuwa akisema, "ukipiga chafya lazima kwanza uombe nafasi."

Hata hivyo walikizoea. Zahanati ilikuwa karibu. Kibanda cha fundi viatu kilikuwa kwenye kona ya barabara, na wateja wake walimjua kwa miaka. Mkunga akiitwa kwa dharura, alivaa kandambili na kutoka.

Jumapili moja alasiri, mzee mwenye nyumba alibisha hodi. Alikuwa mtu mpole, hakuwa na ugomvi na wapangaji wake. Alikaa kwenye kiti, akasalimiana na wote, akauliza habari za afya. Mkunga alimmiminia chai. Mzee akaikataa.

Hapo Mkunga akajua. Mtu anayekataa chai amekuja na neno zito.

"Wanangu," mzee alisema, "mimi nimezeeka. Watoto wangu wamekaa kikao, wakaamua tuuze nyumba. Tangu chuo kifunguliwe ng'ambo ya daraja, wageni ni wengi. Aliyenunua anataka kuifanya nyumba ya kulala wageni."

Fundi viatu aliinamisha kichwa. "Tuhame lini, mzee?"

"Mwisho wa mwezi. Nilimwomba awaongezee muda, hakukubali."

Bibi alisogeza kigoda. "Haya. Mimi nimehamishwa mara nyingi kuliko paka mwenye watoto. Watoto wa paka angalau hubebwa mdomoni. Mimi nitabeba sufuria."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliaga, akaondoka polepole, akiwa ameshika ukuta.

Siku zilizofuata Mkunga na mume wake walitafuta vyumba. Walianza na mitaa ya karibu, wakaenda ya mbali. Kila mahali walipata jibu lile lile. Vyumba vimejaa, au kodi imepanda maradufu, au mwenye nyumba hataki familia, anataka wanafunzi wa chuo ambao huishi wanne chumba kimoja na kulipa kila mmoja fungu lake.

Jambo la ajabu ni kwamba ardhi ilikuwepo. Mkunga alipita mtaa mmoja wenye nyumba kubwa za watu wenye uwezo. Kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na viwanja vitupu vilivyoota nyasi mpaka kifuani. Wenyewe walikuwa kwenye miji mikubwa. Walinunua, wakaweka nguzo nne, wakaondoka.

"Nyasi zina pa kukaa," alimwambia mume wake. "Sisi hatuna."

Mwisho wa mwezi walihamia mji wa jirani. Huko walipata vyumba kwa kodi waliyoimudu. Lakini kutoka huko mpaka zahanati ilikuwa safari ndefu ya basi, na basi la asubuhi lilikuwa moja. Mkunga aliamka kabla ya jogoo na kurudi giza likiingia. Alimwona Kasuku akiwa amelala asubuhi, akamwona akisinzia jioni. Mtoto aliyekuwa na maneno mengi sasa alimwambia mama yake maneno mawili: "Shikamoo mama," na "Usiku mwema."

Fundi viatu naye alifungua meza mpya kwenye mtaa usiomjua. Siku nzima alipata mtu mmoja au wawili. Alikuwa mtu wa utani, lakini utani ulimkauka. Jioni alikaa mlangoni akitazama nyundo yake.

"Viatu vya huku havikatiki?" Mkunga alimuuliza siku moja.

"Vinakatika," alijibu. "Lakini kila mtu ana fundi wake. Fundi ni kama kinyozi. Mtu hamwachi wake kirahisi."

Mkunga alikaa naye mlangoni. Alikuwa amechoka mno hata kuvua viatu.

Mvua zilipoanza, barabara iliharibika. Asubuhi moja basi lilikwama kwenye tope. Abiria walishuka, wakasukuma, wakasubiri trekta. Mkunga alifika zahanati jua likiwa limepanda sana. Kutoka getini alisikia kelele za wanawake.

Kwenye benchi la barazani alikuwa amelala mwanamke kijana, mke wa mwoka mikate. Alikuwa amekwisha kujifungua. Mtoto alikuwa amefungwa kitenge cha mwanamke mwingine, analia vizuri. Lakini mama yake alikuwa anatoka damu nyingi, na midomo yake imekuwa myeupe. Daktari alikuwa chumba cha pili akishona mtu aliyeumia kichwa. Muuguzi pekee wa zamu alikuwa bado anakuja kutoka kituoni, nyuma ya Mkunga. Yeye pia alikuwa kwenye lile basi.

Mkunga alitupa mkoba chini. Hakuuliza swali. Alivaa mipira ya mikono, akamchoma sindano ya kuzuia damu, akakandamiza tumbo kwa mikono miwili, akawa anamwita yule mama asifumbe macho. "Nitazame, mwanangu. Usinikimbie. Nitazame hivyo hivyo."

Muda ulipita. Damu ikapungua, kisha ikakoma. Wakampeleka hospitali kwa gari la duka la mikate, na habari zikaja jioni kwamba ameongezewa damu na yuko salama.

Mkunga alinawa mikono. Kisha akakaa sakafuni kwenye kona ya chumba cha uzazi, akaegemeza kichwa ukutani. Daktari akamkuta hapo.

"Umemwokoa," daktari alisema.

"Leo," Mkunga alijibu. "Kesho mvua inanyesha tena."

Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Wauguzi wawili wameomba uhamisho. Wanasema wako tayari kufanya kazi hapa, lakini mji hauna vyumba, na hawawezi kulala porini. Sijui niwaambie nini."

"Usiwaambie kitu. Hata mimi nitaomba."

Jioni hiyo, kwenye kituo cha basi, alikutana na aliyekuwa jirani yake katika zile nyumba za zamani. Alikuwa dada mmoja wa makamo, afisa wa mipango miji wa halmashauri. Watu walimwita Dada wa Ramani kwa sababu hakukosa bomba la karatasi kwapani. Naye pia alihamishwa siku ile ile pamoja na wapangaji wengine. Naye pia alikuwa anasubiri basi.

"Dada, una uso wa mtu aliyetoka vitani," alisema.

Mkunga akamweleza yote. Mwishoni akasema, "Mdogo wangu, mimi nimefika mwisho. Naomba uhamisho. Mji usiotaka nikae ndani yake, mimi nautaka wa nini?"

Dada wa Ramani alihamishia bomba lake kwapa la pili. "Ukiondoka wewe, na mimi nitaondoka. Ila kabla hujaomba, kesho mchana nipe nafasi kidogo. Nataka nikuonyeshe mahali."

Mahali penyewe palikuwa uwanja wa zamani wa mnada wa ng'ombe, nyuma ya soko. Mnada ulikuwa umehamishwa miaka mingi nyuma. Yalibaki mabirika ya saruji ya kunyweshea mifugo, na magugu, na njia ya mkato waliyoichora wanafunzi.

"Hii ni ardhi ya nani?" Dada wa Ramani aliuliza.

"Ya ng'ombe," Mkunga alisema. "Sasa sijui."

"Ni ya halmashauri. Maana yake ni yenu. Na iko karibu na soko, na shule, na zahanati. Bomba kuu la maji linapita pale barabarani."

"Basi kwa nini haijengwi?"

Dada wa Ramani alinyoosha mkono. "Tazama. Kwa sheria ndogo za mji huu, kiwanja kidogo kuliko vyote vinavyoruhusiwa kinaanzia kwenye birika hili mpaka kwenye mti ule."

"Chote hicho? Cha nyumba ngapi?"

"Nyumba moja. Familia moja."

"Ya mtu anayefuga tembo?"

Dada wa Ramani alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ndiyo sheria. Iliandikwa zamani, watu wakidhani mji utakuwa wa matajiri watupu. Sasa fikiria. Mtu wa mshahara kama wako hawezi kununua kiwanja kikubwa hivyo. Akikipata, lazima achorewe ramani na mhandisi kutoka mji mkubwa. Ramani ikiisha, anasubiri kibali mpaka saruji yake inaganda kwenye mifuko. Mwishoni anakata tamaa. Anayebaki ni mwenye uwezo, na mwenye uwezo ananunua na kuacha nyasi ziote."

"Kwa hiyo nyumba ni ghali kwa sababu ya sheria?"

"Si sheria peke yake. Bati ni ghali, saruji ni ghali. Hayo halmashauri haiwezi kuyabadilisha. Lakini ukubwa wa kiwanja, kibali, ramani, maji, na hii ardhi iliyolala, hayo yako mikononi mwake."

"Na wewe si ndiye afisa? Badilisha."

"Dada, mimi naandika tu. Wanaopitisha sheria ndogo ni madiwani. Nimeshapeleka mapendekezo. Wananijibu kwamba hakuna mwananchi aliyelalamika."

Mkunga alimkodolea macho. "Sisi hatulalamiki?"

"Mnalalamika uani. Uani hakuna katibu wa kuandika."

Mkunga alirudi kazini akiwa na maneno hayo kichwani. Hakuwa na nguvu ya kupigana na mtu. Lakini kila alipopita kwenye benchi la barazani, alimwona yule mama mwenye midomo myeupe. Jioni alimweleza mume wake.

"Baraza la madiwani lina siku ya kusikiliza wananchi," alisema. "Dada wa Ramani anasema tukienda wengi, watalazimika kuandika."

"Na usipopata kitu?"

"Nitakuwa nimechoka kama nilivyo sasa. Hakuna kitakachozidi."

Fundi viatu alifikiri. "Basi mimi nitamwona mwoka mikate. Mke wake bado hajapona vizuri. Na vijana wanaomsaidia kuoka wanafika kazini mkate umeshaungua, kwa sababu ya basi lile lile."

Hivyo ndivyo walivyokusanyika. Mwoka mikate alikuja. Daktari alikuja. Mwalimu mkuu alikuja, kwa kuwa walimu wapya walikuwa wakiripoti Jumatatu na kutoroka Ijumaa. Wakaja pia watu wa soko, na mafundi, na wajane wawili waliokuwa wakiishi kwenye stoo. Bibi alisema yeye haendi, magoti yanamuuma. Siku ilipofika alikuwa wa kwanza kupanda basi.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mkunga alisimama kusema. Hakuhutubia. Alieleza tu asubuhi ile ya tope, kutoka basi lilipokwama mpaka alipomfikia yule mama. Kisha akasema, "Mimi siombi nyumba ya bure. Naomba mji uniruhusu kukaa karibu na kazi ninayoufanyia." Akaketi.

Diwani mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, mtu mwenye sauti nzito na heshima yake.

"Namheshimu Mkunga," alisema. "Amezalisha wajukuu zangu. Lakini tukiruhusu viwanja vidogo, mji utajaa mabanda. Wageni watajaa. Nyumba zetu zitashuka thamani. Na hizo nyumba nani atazijenga? Halmashauri haina fedha."

Dada wa Ramani aliomba kujibu. "Mheshimiwa, banda halitokani na udogo wa kiwanja. Linatokana na kujenga bila mpango. Watu wasipopata kiwanja halali, watajenga kwenye mkondo wa maji, na hapo ndipo penye mabanda. Nyumba ndogo yenye choo kizuri, maji na njia ya kupita gari la zimamoto si banda. Na halmashauri haitajenga. Kazi yake ni kufungua mlango. Itoe ule uwanja kwa mkataba mrefu kwa ushirika wa wananchi. Ipitishe viwanja vidogo, na nyumba zinazoshikana ukuta. Iwe na ramani zake tayari, zilizokwisha kupitishwa, mtu achague bure. Ivute maji na kuchonga barabara kabla ya ujenzi. Watu watajenga wenyewe."

"Halafu wapate, wauzie matajiri," diwani alisema. "Nawajua watu."

"Umesema kweli. Kwa hiyo kwenye mkataba tuandike kwamba anayehama anaurudishia ushirika nyumba kwa bei ya haki. Haiuzi sokoni. Familia moja, nyumba moja."

Diwani alitikisa kichwa. Hakuridhika. Ndipo bibi akasimama, mkono mmoja kiunoni, hakungoja kuitwa.

"Mheshimiwa mwanangu," alisema, "kijana wako mwalimu amehamia nyumba gani siku hizi?"

Watu walianza kuguna. Kila mtu alijua. Kijana wa diwani, pamoja na mke na mtoto, alikuwa analala kwenye sebule ya baba yake. Hakupata nyumba ya kupanga, na kiwanja kikubwa hakukimudu.

"Sisemi kwa ubaya," bibi aliendelea. "Nauliza tu. Maana mimi nikitaka kuangalia taarifa ya habari kwako, itabidi nimvuke mkweo."

Diwani alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Mwenyekiti akasema jambo lipigiwe kura kikao kijacho.

Lilipita, kwa tofauti ndogo. Diwani wa vifaa vya ujenzi alipiga kura ya ndiyo. Hakueleza sababu, na hakuna aliyemuuliza.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hapo mambo yalikwisha. La. Hapo ndipo uchovu wenyewe ulipoanza.

Upimaji ulichukua msimu mzima. Mabomba ya maji yalikuja mafupi, yakarudishwa. Ushirika ulichagua viongozi, wakagombana, ukachagua wengine. Kila mwanachama aliweka akiba kila wiki, kidogo kidogo. Wako waliotoka wakisema ni ndoto. Mkunga aliendelea kupanda basi kama kawaida.

Siku ya kugawa viwanja, tajiri mmoja alijitokeza akiwa ameandikisha watoto wake watatu, na mmoja wao alikuwa bado ananyonya. Afisa wa halmashauri alimsomea mkataba mbele ya watu wote: familia moja, nyumba moja. Tajiri akakunja uso, akaondoka. Kura ziliokotwa kwenye ndoo, mchana kweupe, kila mtu akitazama. Fundi viatu alipata. Mwalimu, kijana wa diwani, alipata. Mjane mmoja alipata, mwenzake akakosa. Yule aliyekosa alikaa kwenye birika la ng'ombe akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Waliokosa waliwekwa mwanzo kwenye awamu ya pili, lakini siku ile ahadi haikumtosha.

Kisha ujenzi. Halmashauri ilinunua mashine ya kufyatulia matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ikawaazima wanaushirika kwa zamu. Matofali hayo hayakuchomwa kwa kuni. Yalianikwa kivulini, yakamwagiliwa maji. Yalishikana yenyewe kama meno, kwa hiyo saruji ya kuunganishia ilipungua sana. Fundi mwashi mmoja alilipwa na ushirika kuwafundisha. Kila familia ilifanya kazi kwenye nyumba za wote, si kwenye yake tu.

Mkunga alitoka zamu akaenda kubeba matofali. Jumamosi moja alikaa juu ya rundo la mchanga akashindwa kuinuka.

"Siwezi," alimwambia mume wake. "Mgongo umekataa. Wengine waendelee, sisi tuache."

Fundi viatu aliweka toroli chini, akakaa karibu naye. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama Kasuku," alisema, "mimi sijui kukupa moyo. Huko tunakokaa nimekaa wiki hii nikashona ndala moja. Moja. Na ilikuwa yangu."

Mkunga alimtazama. Akaanza kucheka, na mume wake naye akacheka, wakacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi. Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu wahame.

"Wewe kaa," alisema akinyanyuka. "Leo nitabeba yako na yangu."

Nyumba zilisimama mwaka wa pili. Zilikuwa ndogo: vyumba viwili na sebule, jiko, choo ndani, bomba uani, na msingi imara wa kuongeza chumba siku za mbele. Zilishikana ukuta mbili mbili, na njia ya kutosha gari ilipita katikati. Hazikuonekana kama mabanda. Diwani mwenyewe alipita kuzikagua. Aligonga kuta, akafungua mabomba, akasema milango imekaa vizuri. Milango ilitoka dukani kwake. Tangu uwanja wa mnada uanze kujengwa alikuwa ameajiri mtu wa pili wa kupimia mbao.

Halmashauri haikuishia hapo. Waliokuwa na nyumba za zamani zenye ua mkubwa waliruhusiwa kujenga vyumba vya kupangisha uani. Aliyekubali kuweka mkataba wa maandishi na mpangaji, asimtoe bila kumpa muda wa kutosha, alipunguziwa kodi ya jengo. Wenye viwanja vya nyasi waliongezewa kodi ya ardhi. Wengine walianza kujenga. Wengine waliuza. Nyasi zikapungua.

Mjane aliyekosa mara ya kwanza alipata chumba cha uani kwa mwalimu mkuu, akingojea awamu ya pili. Si kila mtu alipata alichotaka. Lakini wale wauguzi wawili walifuta maombi yao ya uhamisho, na zahanati ikaanza kuwa na zamu mbili kamili, mchana na usiku. Fundi viatu alirudi kwenye kona yake. Mteja wa kwanza alimletea kiatu kilichofungwa kwa waya.

"Nilikuwa nakusubiri," yule mteja alisema.

"Miaka yote hii, na waya?"

"Sasa ningempelekea nani?"

Jioni moja, wiki chache baada ya kuhamia, Mkunga alirudi kutoka zamu. Viungo vyote vilimuuma, maana kazi ya ukunga haipungui kwa sababu mtu amepata nyumba. Alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni ili aloweke miguu. Kasuku alikuwa mezani akimsimulia bibi yake ugomvi wa shuleni tangu mwanzo, na alikuwa bado hajafika katikati. Bibi alikuwa sebuleni kwenye kiti chake mwenyewe, miguu imenyooshwa, hakuna godoro la kukunja.

Mkunga hakuwahi hata kuingiza kidole kwenye maji. Hodi ilipigwa. Alikuwa mwalimu, kijana wa diwani, wa nyumba ya tatu.

"Shikamoo mama. Samahani. Mke wangu ameanza uchungu, na si muda wake bado."

"Marahaba. Twende."

Alivaa kandambili. Alimkuta yule mama amesimama mlangoni, ameshika fremu, anapumua kwa shida. Mkunga alimshika kiuno, akampapasa tumbo, akamsikiliza. Kisha wakatembea polepole, mume upande mmoja, Mkunga upande wa pili, wakasimama kila uchungu ulipobana. Zahanati ilikuwa imewasha taa. Muuguzi wa zamu ya usiku, jirani yao wa nyumba ya mwisho, aliwapokea mlangoni akiwa amekwisha kuvaa mipira ya mikono.

"Rudi ukapumzike, dada," alimwambia Mkunga. "Huyu ni wangu sasa. Ikibidi, nitatuma mtu akuite."

Mkunga alimweleza alichokiona, akamgusa yule mama begani, akatoka. Alivuka njia, akapita nyumba ya mjane aliyekuwa anafagia kibaraza, akafungua mlango wake.

Kasuku alikuwa bado anasimulia. Mkunga alikaa, akainua pindo la gauni, akaingiza miguu kwenye beseni. Maji yalikuwa bado ya moto.